Wimbo ni Ule Ule, Nakala Siyo

Kazi yangu ni kuhamisha sauti. Watu huniletea santuri zilizopinda, kaseti zilizofungwa kwa raba, na mara mojamoja kanda za rili zilizookotwa darini kwenye nyumba ya marehemu babu, nami nazigeuza kuwa faili za kompyuta. Ofisi yangu iko orofa ya juu ya jengo moja karibu na Luthuli Avenue, Nairobi. Chini kuna maduka ya spika, na kwa vile spika hizo hujaribiwa mchana kutwa, kazi yenye kutaka utulivu naiacha mpaka jioni. Wengi hudhani kazi hii ni mashine. Mashine ni nusu yake. Nusu iliyobaki ni kumsikiliza mteja akieleza wimbo anaoutaka, kwa maana ni nadra mtu kuja na jina la wimbo. Mtu huja na kisa.

"Fundi, ni ule uliokuwa ukilia Ijumaa baba akishalipwa." "Ni ule wa harusi ya shangazi kule Kariobangi, stima ilipopotea watu wakaendelea kuimba wenyewe." Mwingine ananiimbia mstari mmoja, tena kombo, halafu ananikazia macho. Siku hizi wimbo wenyewe haunipi taabu. Dakika mbili kwenye simu umeshatokea. Taabu huanza hapo. Mteja atausikiliza kidogo, atatikisa kichwa, kisha aseme: "Ndio wenyewe. Lakini sio huu."

Wako mafundi wanaoichukulia kauli hiyo kuwa usumbufu wa wazee. Mimi naona mteja anasema kweli, na ukweli wake unaweza kuelezwa kwa sindano, sumaku na nyaya. Kinachokaa kichwani mwa mtu ni nakala fulani ya wimbo, aliyoisikia kwa chombo fulani, ikiwa na kasoro zake zote. Ukimpa nakala nyingine, hata iwe safi namna gani, unampa wimbo usio na kisa.

Chukua santuri ndogo, ile ya inchi 7 inayozunguka mara 45 kwa dakika. Upande mmoja hubeba dakika nne hivi, tano ukibana. Bendi zilizotawala Nairobi miaka ya 1970 hazikuwa na habari na dakika nne. Orchestra Super Mazembe waliotoka Zaire wakaifanya Nairobi kwao, ndugu wa Simba Wanyika waliotoka Tanga, na baadaye Les Wanyika waliojitenga nao, wote walipiga kwa mwendo wa rumba: kwanza maneno, taratibu, malalamiko ya mapenzi yakishamalizika magitaa yanashika uongozi na watu wanaingia uwanjani. Wimbo wa namna hiyo haukutoshea upande mmoja. Studio zikaukata katikati, sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Sauti inafifia, mtu anainuka, anageuza santuri, anaweka sindano, magitaa yanarudi.

Sasa fikiria matokeo yake. Redioni mara nyingi mtangazaji alipiga upande A akaendelea na mambo mengine. Aliyeujua wimbo kwa redio tu anaujua nusu, ile ya maneno, na kwake huo ni wimbo wa huzuni. Aliyekulia kwenye nyumba yenye gramafoni anazijua nusu zote mbili, na kwake wimbo huo huo ni wa kucheza. Nimewahi kuona ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja aliyelelewa mjini na baba, mwingine ushago na nyanya, wakibishana hapa ofisini kama wimbo ni wa kilio au wa raha. Wote wawili walikuwa na haki.

Halafu kuna pale katikati, kimya cha kugeuza. Nyumba nyingi kazi hiyo ilikuwa ya mtoto fulani, na mtoto huyo leo ni mzee wa miaka sitini anayeniambia kwamba wimbo una "pengo" na kwenye simu yake pengo halipo. Halipo kwa sababu wanaotoa nyimbo hizo upya huziunganisha sehemu mbili ziwe moja, na ukisikiliza kwa makini utauona mshono. Kwa msikilizaji mgeni hilo ni jambo jema. Kwa aliyekuwa na kazi ya kugeuza, wamemfuta kwenye wimbo. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mteja si "wimbo gani?" Ni: "Mlikuwa na santuri nyumbani, ama mlisikiliza kwa redio?"

Akisema redio, mambo yanakuwa mengine kabisa.

Kuanzia 1964 hadi 1989 redio ya taifa iliitwa Sauti ya Kenya, kabla haijarudi kuwa KBC. Kwa nyumba nyingi za Nairobi hiyo ndiyo iliyokuwa redio, basi. Kijana aliyetaka wimbo na hakuwa na pesa za santuri alikaa mbele ya redio kaseti akiwa amebonyeza vitufe viwili nusu nusu, akingoja. Alichonasa hakikuwa wimbo mtupu. Alinasa sauti ya mtangazaji ikipita juu ya magitaa ya mwanzo, alinasa mlio wa saa, na alinasa salamu: orodha ndefu ya majina yaliyoandikwa kwenye kadi, fulani wa Makadara akimsalimu fulani wa Kibwezi popote alipo, pamoja na wote wanaomfahamu. Zile kadi za salamu zilikuwa na biashara yake, na watu walijipatia umaarufu wa nchi nzima kwa kutuma salamu tu. Mtu aliyesikiliza kaseti ya namna hiyo miaka kumi mfululizo anakuwa amehifadhi majina ya watu asiowajua pamoja na wimbo. Mpe rekodi ya studio na utamwona anataja majina yale kimoyomoyo pale mwanzo yanapostahili kuwepo. Nimeshuhudia.

Kaseti hizi ni hazina, na ndizo watu wanazozitupa haraka zaidi. "Hiyo ni ya kunasa redioni tu," wananiambia, wakinisukumia ile ya kiwandani. Mimi naanza na ya kunasa redioni. Ya kiwandani ilitolewa nakala maelfu. Hii iko moja duniani.

Kwa nini nyimbo nyingi ninazoletewa ni za ujana wa mtu? Wanasaikolojia wamelichunguza hili muda mrefu. Ukimwomba mtu aliyevuka miaka arobaini asimulie maisha yake, visa vinajazana kwenye kipindi cha kati ya miaka 10 na 30, halafu vinapungua. Ndio wakati wa mambo ya kwanza: mshahara wa kwanza, chumba cha kwanza cha kupanga, mpenzi wa kwanza. Nyimbo za wakati huo zinabebwa pamoja na mzigo huo. Mwaka 2009 mtafiti Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alichapisha utafiti ambamo aliwapigia wanafunzi nyimbo za utotoni na ujanani mwao huku ubongo wao ukipigwa picha, na akaona sehemu iliyo nyuma ya paji la uso ikishughulika zaidi pale wimbo ulipoamsha kumbukumbu. Sehemu hiyo huchelewa kuharibika kwa wagonjwa wengi wa Alzheimer. Wateja wangu wanalijua hili bila maabara: mama hamtambui bintiye, lakini wimbo wa Daudi Kabaka ukianza anaitikia mahali pake.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba wimbo ukisikika kupita kiasi huchakaa kwa upande wa kumbukumbu. Nikimwuliza mtu kisa chake cha "Malaika", ule uliorekodiwa na Fadhili William kisha Miriam Makeba akauzungusha dunia (ubishi wa nani aliutunga mniwie radhi, siuingii), ananijibu kwa maneno ya jumla: wimbo mzuri, wimbo wetu. "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms ni hivyo hivyo. Imelia hotelini, uwanja wa ndege, kwenye matangazo, kila tukio likifunika lililotangulia, mpaka hakuna siku moja inayoweza kudai wimbo huo ni wake. Lakini mletee mtu upande B wa santuri ambayo hajaisikia tangu 1985. Hapo hapatakuwa na maneno ya jumla. Atakutajia rangi ya pazia.

Kwa hiyo wimbo mkubwa na wimbo wenye kumbukumbu kubwa ni vitu viwili. Wanaotengeneza orodha za zilipendwa huvichanganya kila mwaka.

Tena hatuchagui. Nikiulizwa, nitajidai kwamba wimbo wangu ni "Lunchtime" ya Gabriel Omolo, ya 1972, inayowachambua wafanyakazi wa jiji hili saa ya chakula cha mchana, nani anakula na nani anajifanya amekula. Ni jibu zuri la kumpa mgeni. Lakini unaonirudisha shuleni kwa nguvu kuliko wote ni "Tawala Kenya" wa Thomas Wesonga, ule uliolia redioni enzi za Rais Moi hata usiokuwa na redio uusikie kwa jirani. Sikuupenda. Sikuununua. Ila ukianza leo nasikia harufu ya uji na ninaona sweta yenye kiwiko kilichotoboka. Vivyo hivyo kwa waliokuwa watu wazima Agosti 1978 Mzee Kenyatta alipofariki, vipindi vikakatwa na muziki wa majonzi ukatawala: wengi hawajui hata ala zile zilikuwa zikipiga nini, lakini ukiwawekea kitu chenye kufanana nazo wanauliza nani amekufa. Kumbukumbu haina ladha ya muziki. Hushika kilichokuwepo.

Hilo linanileta kwenye kaseti ya mama mmoja wa Buruburu, ambayo kwa ruhusa yake naisimulia bila jina.

Ilikuwa C60, dakika thelathini kila upande, lebo imebanduka. Ni barua. Vijana wasiojua: kabla ya simu za bei nafuu, jamaa aliyesoma ng'ambo aliandikiwa barua, na waliokuwa na redio kaseti waliongea kwenye kaseti wakaituma kwa posta. Kaka yake mama huyu alikuwa akisoma India mwishoni mwa miaka ya 1970, baba akamtumia sauti. Kijana alirudi nayo kwenye sanduku, ikakaa kwenye kopo la biskuti miaka yote hii. Baba alishafariki zamani. Hakuna rekodi nyingine ya sauti yake.

Kwanza kaseti yenyewe haikucheza. Ndani ya kila kaseti kuna kipande kidogo cha sufi chenye springi nyuma yake, kinachoukandamiza utepe kwenye kichwa cha mashine. Gundi yake hukauka, sufi inaanguka, na sauti inakuwa ya mbali, inakuja na kupotea. Dawa yake ni kuutoa utepe wote na kuuhamishia kwenye ganda jingine zima, kazi ya koleo ndogo na pumzi iliyozuiwa. Nilipomaliza nikamwita mama, nikawasha.

Mzee alisalimu kwa Kiswahili, akachanganya na Kiluhya, akaendelea kwa Kiswahili. Sauti nyembamba, yenye haraka, kama ya mtu anayekimbilia basi. Mama akasikiliza mikono ikiwa mapajani. Akasema, "Fundi, huyu si baba. Baba alikuwa na sauti nzito. Akikohoa, mbwa wa jirani wanalala."

Nilimwamini mara moja, na nikajua kilichotokea. Redio kaseti iliyotumika kunasa ilikuwa na mawe yaliyochoka. Betri zikichoka mota inazunguka polepole, utepe unapita polepole, na maneno yanabanwa kwenye utepe mfupi kuliko inavyofaa. Ukija kuicheza kwa mashine yenye mwendo sahihi, ambao kwa kaseti ni sentimita 4.76 kwa sekunde, yote yanatoka mbio na sauti inapanda. Mzee mwenye sauti ya ngoma anageuka karani. Kurekebisha ni rahisi, unapunguza mwendo. Swali ni kupunguza kiasi gani, maana ukikisia unaweza kumtengenezea mtu baba ambaye hakuwahi kuwepo.

Kama mashine ingekuwa imechomekwa ukutani ningekuwa na msaada. Umeme wetu hutetemeka mara 50 kwa sekunde na mara nyingi huacha mvumo hafifu kwenye rekodi. Ukiupima mvumo ukakuta hamsini na tatu, unajua mwendo ulikosea kwa kiasi gani. Hapa palikuwa na mawe, hapakuwa na mvumo.

Lakini nyuma ya mzee palikuwa na redio nyingine ikilia, na redio ilikuwa ikipiga "Charonyi ni Wasi" ya Maroon Commandos.

Sidhani kuna wimbo uliopendwa zaidi nchini na watu wasioelewa maneno yake. Maroon Commandos ni bendi ya jeshi, kiongozi wake alikuwa Habel Kifoto, na wimbo huu wa 1977 uliimbwa kwa Kitaita, lugha ambayo Mkenya wa kawaida haijui. Haukuzuiwa na hilo hata kidogo. Santuri yake ninayo kwenye rafu. Nikaiweka, nikailinganisha na ile iliyokuwa nyuma ya mzee, noti kwa noti. Ya kwenye kaseti ilikuwa juu kwa karibu nusu toni, yaani asilimia sita hivi ya mwendo. Mashine za santuri za stesheni ya redio huwa hazipotei kiasi hicho, kwa hivyo kosa lilikuwa la kaseti. Nikaushusha mwendo mpaka wimbo wa nyuma ukakaa sawasawa na santuri yangu. Mzee, kwa vile alikuwa kwenye utepe ule ule, akashuka pamoja nao.

Wimbo wenyewe ulikuwepo wazi kwa muda mfupi tu, kwa sababu mzee alichoshwa nao. Anasikika akisema, "Hebu mtu apunguze hiyo redio." Vinasikika viatu vya mtoto, kitu kinavutwa sakafuni, na Charonyi inashuka mpaka haisikiki vizuri. Kuanzia hapo betri ziliendelea kuchoka na mimi sikuwa na cha kupimia tena, nikawa nafuata sikio, huku mama akiniambia "shusha kidogo" na "hapo umezidisha".

Tuliposikiliza upya tangu mwanzo, mama hakusema chochote juu ya sauti ya baba. Ilipofika pale pa viatu akanishika mkono. "Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyekwenda kupunguza." Walikuwa wakikaa mtaa wa Jericho. Redio iliwekwa juu ya kabati ili watoto wasiichezee, na yeye alikuwa mfupi, alilazimika kuvuta kigoda. Kile kinachovutwa sakafuni ni hicho kigoda. Aliniambia alikuwa na hasira kwa sababu wimbo ulikuwa umefika mahali anapopapenda, ila kwa baba hakukuwa na kubishana. Akanieleza sakafu ilivyokuwa, nani alikuwa amelala chumba cha pili, na sufuria gani ilikuwa jikoni. Nikamwuliza kama Charonyi ulikuwa wimbo wake. Akacheka. "Hapana, wangu ni wa Mbaraka Mwinshehe. Huu nilikuwa nimeshausahau kabisa."

Alitaka kila ndugu apate nakala. Zote nilizianzia palepale pa viatu, kwa agizo lake. Salamu za baba niliziweka baada yake.

Kuna wanaoniuliza kama naweza "kusafisha" rekodi kama hizo. Naweza. Programu za siku hizi hutoa mikwaruzo, mvumo, hata sauti za watu nyuma. Ningemwondolea mzee wa Jericho ile redio nikamwacha peke yake, safi, kama anaongea kutoka ndani ya sanduku tupu. Kwangu hiyo ni kuvunja nyumba ili ubakie na mlango. Desturi yangu ni kumpa mteja nakala mbili, moja kama ilivyotoka kwenye utepe baada ya kurekebisha mwendo, na nyingine iliyosafishwa kidogo. Wengi huanza kwa kufurahia ya pili. Wanaonipigia simu baadaye kuomba tena, huwa wamepoteza ya kwanza na ndiyo wanayoitaka.

Kuna kasoro moja ya kaseti na rili ambayo watu huiogopa bila sababu. Kabla ya wimbo kuanza unausikia kwa mbali sana, hafifu, halafu unaanza kweli. Si mzimu. Utepe ukikaa umeviringishwa miaka mingi, sumaku ya mzunguko mmoja huutia alama mzunguko uliolalia, na sauti inajitangulia. Naweza kuipunguza. Watu wengine wameniomba niiache, na mmoja alisema ndiyo iliyokuwa ikimpa muda wa kukimbia kutoka jikoni.

Wazee wanajiona ndio wenye vitu vinavyopotea. Ninavyoona mimi, walio hatarini zaidi ni waliozaliwa miaka ya 1980 na baada yake. Santuri ya baba yako, hata ikikaa vumbini, mfereji wake upo na sindano itausoma. Lakini kijana wa 2003 alikuwa na nini? Alikuwa na CD za kuchoma, zilizonunuliwa River Road kwa bei ya chai na mandazi. Ndani ya CD ya kuchoma data imeandikwa kwenye rangi inayoathiriwa na joto na mwanga, na ile iliyokaa kwenye dashibodi ya matatu imeshaoza. Baadaye ikaja kadi ya memori, ikapotea na simu.

Utasema nyimbo za rapa E-Sir ziko mtandaoni, za Kalamashaka ziko, "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji iliyobebwa na uchaguzi wa Desemba 2002 iko. Ziko. Kile ambacho hakiko ni miksi. Watu wa rika hilo hawakusikiliza "Nimefika" ya E-Sir sebuleni. Waliisikia ndani ya matatu ya Eastlands, spika chini ya kiti cha nyuma, DJ akiikata katikati, akilitaja jina la gari na la dereva, akairudisha mwanzo, akaichomekea ragga juu yake. E-Sir alipofariki kwenye ajali ya barabarani Machi 2003 akitokea Nakuru, DJ za mtaani zilitengeneza miksi za kumkumbuka ambazo watu wa rika hilo huniulizia mpaka leo. Nimeletewa CD za namna hiyo zikiwa na madoa yanayopenyeza mwanga, na kuna nilichookoa na ambacho hakikuokoleka. Aliye na moja nyumbani asiiweke kabatini akingoja izeeke vizuri. Haizeeki vizuri.

Wapo wanaofanya kazi hii kwa familia zao kwa moyo na kwa akili. Joseph Kamaru, gwiji wa muziki wa Kikuyu, alifariki 2018, na mjukuu wake, mwanamuziki anayejulikana kama KMRU, amekuwa akizitoa upya rekodi za babu yake kwa njia ya dijitali. Si kila babu aliacha mamia ya nyimbo. Wengi waliacha kaseti moja kwenye kopo la biskuti, na hiyo nayo inataka mtu wa kuihangaikia.

Ukitaka kuniletea kitu, au kumpelekea fundi mwingine yeyote, usiijaribu kaseti ya zamani nyumbani "kuona kama bado inacheza". Redio iliyokaa muda mrefu ina raba za kunata na itaumeza utepe. Mara ya kwanza ichezwe kwa mashine iliyosafishwa. Santuri nyepesi ya plastiki unaweza kuifuta kwa maji yaliyotoneshwa (distilled) na spiriti kidogo. Ile nzito ya zamani inayovunjika kama sahani, ya mizunguko 78, usiitie spiriti hata tone, kwani lakiri iliyotengenezewa (shellac) huyeyuka. Nayo pia inahitaji sindano pana kuliko ya kawaida. Sindano ya kisasa huchimba chini ya mfereji ambako hakuna kitu isipokuwa kelele, na watu wakaamua kwamba rekodi za mwanamuziki wa zamani Fundi Konde zilikuwa mbaya tangu mwanzo.

Lete na kasha, hata likiwa limepasuka. Mwandiko uliomo unaniambia mengi. Na kama mwenye kaseti yu hai, njoo naye, au umrekodi kwa simu akisikiliza, akiwa nyumbani kwake na sio kwenye chumba kilichofungwa madirisha kwa ajili ya "ubora". Simu zina ubaya wao, ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubanwa mpaka muziki wa nyuma unasikika kama umelowa maji. Tumia programu ya kurekodi ya simu yenyewe, uihifadhi kama WAV (faili isiyobanwa) ikiwezekana. Wema wake ni kwamba betri yake ikichoka hakuna atakayegeuka karani.

Kanda za video sizishughulikii, kwa hivyo msinipandishie zile kubwa za harusi ngazi zote hizo. Kaseti na santuri nazipokea siku za kazi hadi saa kumi na moja jioni, na Jumamosi nusu siku.